Karani Baina ya Programu na Hifadhidata

Katika ofisi iliyopangwa vyema, afisa anayehitaji jalada haendi masjala kupekua rafu kwa mikono yake. Huandika namba ya jalada kwenye kijikaratasi, akampa mhudumu, naye mhudumu humfikishia karani wa masjala. Baada ya kitambo jalada huletwa mezani. Afisa hajui, wala hahitaji kujua, kama jalada hilo lilikuwa kwenye rafu ya tatu au ndani ya kabati la chuma lililo nyuma ya mlango. Hajui kama majalada yamepangwa kwa namba, kwa mwaka au kwa herufi. Siku masjala inapohamishiwa chumba kingine, kazi za maafisa hazisimami. Anayelazimika kujifunza mpangilio mpya ni karani peke yake.

Sasa na ifikiriwe ofisi nyingine, ambamo kila afisa ana ufunguo wake wa masjala. Kila mmoja huingia atakavyo, huchukua jalada, hulirudisha anapoona panafaa, na huandika katika daftari lake mwenyewe mahali alipoliweka. Kwa muda mfupi ofisi hii itaonekana kuwa na wepesi kuliko ile ya kwanza, maana hakuna kungoja karani. Lakini siku rafu zitakapopangwa upya, kila daftari la kila afisa litakuwa limepitwa na wakati, na hakuna atakayejua yako madaftari mangapi.

Programu nyingi za kompyuta zinazoandikwa na wanafunzi, na nyingine si haba zinazoandikwa na watu wenye shahada, zinafanana na ofisi hii ya pili. Hoja ya makala haya ni kwamba programu nayo yapasa kuwa na karani wake. Kwamba karani huyo ni klasi dhahania isimamayo baina ya programu na hifadhidata. Na kwamba somo hili lafaa kufundishwa mapema, katika shule za sekondari, kabla mwanafunzi hajazoea kujikatia ufunguo wa masjala.

Maumbo mawili ya habari moja

Ili hoja hii ieleweke, hapana budi kwanza kutofautisha hali mbili ambamo habari hukaa ndani ya kompyuta. Programu inapofanya kazi, habari zake huwa katika kumbukumbu ya muda ya mashine. Katika lugha nyingi za programu zinazotumika leo, kama vile Java, Python na C++, habari hizo hupangwa katika mafungu yaitwayo vitu. Kitu ni muungano wa mambo mawili: habari zenyewe, na matendo yanayozihusu. Kwa mfano, programu ya shule yaweza kuwa na kitu kinachomwakilisha mwanafunzi. Ndani yake mna jina, namba ya usajili, kidato, na orodha ya alama za masomo; mna pia tendo la kukokotoa wastani wa alama hizo. Kielezo kinachotumika kuundia vitu vyote vya namna moja huitwa klasi. Klasi ni kama kalibu ya matofali: kalibu ni moja, matofali ni mengi. Fikra hii ilizaliwa Norway katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipobuni mjini Oslo lugha ya Simula, kwa lengo la kuiga ndani ya kompyuta mwenendo wa mambo halisi kama vile foleni za watu na kazi za viwandani.

Lakini umeme ukikatika, vitu vyote hivyo hutoweka. Kwa hiyo habari zinazotakiwa kudumu huandikwa kwenye diski, na hifadhi inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni hifadhidata ya majedwali. Msingi wake uliwekwa na Edgar F. Codd, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya IBM huko San Jose, California, katika makala aliyoyachapisha mwaka 1970. Codd alipendekeza kwamba habari zote zipangwe katika majedwali yenye mistari na safu, na kwamba uhusiano baina ya jedwali moja na jingine udhihirike katika thamani zilizoandikwa humo, pasipo kutegemea njia zilizofichwa ndani ya mashine. Kutokana na wazo hilo ilitokea lugha ya SQL, ambayo Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni hiyohiyo waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1974, na ambayo ilifanywa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1987.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mwanafunzi ambaye katika kumbukumbu ya programu ni kitu kimoja, katika hifadhidata hugawanywa vipande vipande. Jina lake na namba yake huwa mstari mmoja katika jedwali la wanafunzi. Alama zake, akiwa na masomo tisa, huwa mistari tisa katika jedwali la alama, na kila mstari hubeba namba ya usajili ili ijulikane ni wa nani. Majina ya masomo yako katika jedwali la tatu. Tendo la kukokotoa wastani halimo popote, maana jedwali halina matendo. Tena, mwelekeo wa uhusiano umegeuzwa. Katika kumbukumbu, kitu cha mwanafunzi hushika alama zake kama mzazi amshikavyo mtoto mkono. Katika hifadhidata, mtoto ndiye amtajaye mzazi wake kwa namba.

Kazi ya kukivunja kitu kuwa mistari, na ya kuikusanya mistari iwe kitu tena, ndiyo iitwayo ulinganishaji wa vitu na data. Kazi hii haikwepeki. Kila programu inayotumia vitu na kuhifadhi habari katika majedwali huifanya, mwandishi wake ajue au asijue. Swali la maana ni moja: ifanywe na nani, na mahali gani?

Kosa la mtawanyiko

Mwanafunzi anayeanza hulijibu swali hili pasipo kujua kwamba ameulizwa. Anapoandika sehemu ya kuchapa ripoti za mwisho wa muhula, huweka amri za SQL papo hapo, katikati ya maelezo ya namna ya kupanga karatasi. Anapoandika sehemu ya orodha ya mahudhurio, huziweka tena. Anapoandika sehemu ya kutafuta wastani wa darasa, huzinakili kutoka kule alikoziandika mwanzo na kuzibadili kidogo. Programu hufanya kazi, mwalimu hutoa alama nzuri, na kosa halionekani.

Kosa hujitokeza baada ya mwaka mmoja. Mwalimu wa taaluma anataka jina la mwanafunzi, ambalo lilikuwa katika safu moja, ligawanywe katika safu tatu: jina la kwanza, la kati na la ukoo. Ni badiliko dogo, na mtu aliye nje angedhani litachukua nusu saa. Lakini amri zinazoitaja safu ya jina zimetapakaa mahali thelathini katika programu. Mwandishi atatafuta na kurekebisha ishirini na tisa, na ile ya thelathini itamngoja siku ya kuchapa vyeti.

Asije mtu akadhani kwamba huu ni mfano wa kubuni usio na uzito. Dunia nzima ililipa gharama ya kosa la aina hii mwishoni mwa karne ya 20. Kwa miongo kadhaa waandishi wa programu walikuwa wakiandika mwaka kwa tarakimu mbili, 67 badala ya 1967. Walifanya hivyo kwa sababu nzuri: katika enzi ya kadi zenye safu 80 na kumbukumbu ya bei kubwa, kila herufi iliyookolewa ilikuwa akiba. Mwaka 2000 ulipokaribia, ilitambulikana kwamba 00 ingeweza kusomwa kama 1900, na hesabu za umri, riba na malipo ya uzeeni zingevurugika. Kuongeza tarakimu mbili ni jambo ambalo mtoto wa shule ya msingi angelielewa. Hata hivyo serikali, mabenki na makampuni yalitumia mabilioni ya dola. Fedha nyingi zilikwenda katika kutafuta, kwa kuwa umbo la tarehe lilikuwa limetajwa katika maelfu ya programu na hakuna aliyejua ni mahali pangapi.

Dawa ya kosa hili ilikuwa imekwisha kuandikwa kitambo. Mwaka 1972 David Parnas alichapisha makala mafupi kuhusu namna bora ya kugawanya programu katika sehemu. Kwa kutumia mfano mdogo wa programu ya kutengeneza faharasa, alionyesha kwamba haitoshi kuigawanya programu kwa kufuata hatua za kazi, yaani kusoma, kupanga na kuchapa. Yafaa kwanza kuorodhesha maamuzi magumu, pamoja na yale yanayoelekea kubadilika siku za usoni, kisha kila uamuzi ufichwe ndani ya sehemu moja, ili ukibadilika, sehemu hiyo peke yake ndiyo iguswe. Ni dhahiri kwamba namna ya kuhifadhi data ni uamuzi wa aina hiyo.

Ahadi bila maelezo

Karani wa masjala ndani ya programu ni klasi dhahania ya ufikiaji. Neno dhahania lisimtishe msomaji. Klasi dhahania ni klasi inayotaja matendo bila kueleza yanavyotendwa. Kwa maneno mengine, ni orodha ya ahadi. Kwa programu ya shule, klasi hiyo yaweza kuitwa HazinaYaWanafunzi, na ahadi zake zikawa nne tu: kumpata mwanafunzi kwa namba yake ya usajili, kuwaorodhesha wanafunzi wa kidato fulani, kumhifadhi mwanafunzi, na kumwondoa mwanafunzi. Katika orodha hiyo halimo neno jedwali, halimo neno safu, wala halimo jina la faili lolote. Kinachoingia ni namba au kitu. Kinachotoka ni kitu kizima cha Mwanafunzi, tayari kwa kukokotolewa wastani.

Chini ya ahadi hizo huandikwa klasi halisi, moja au zaidi, zinazozitimiza. Ya kwanza yaweza kuwa ile inayotuma amri za SQL kwenye hifadhidata, ikapokea mistari na kuiunganisha iwe vitu. Ya pili yaweza kusoma na kuandika faili la kawaida la maandishi, kwa matumizi ya shule ambayo haijapata hifadhidata. Ya tatu yaweza kuviweka vitu katika kumbukumbu ya muda tu bila kuviandika popote. Hiyo hufaa kwa majaribio, maana mwandishi aweza kuhakikisha kwamba hesabu ya wastani ni sahihi bila kugusa data halisi za shule. Sehemu nyingine zote za programu, kama ile ya ripoti na ile ya mahudhurio, huijua klasi dhahania peke yake. Mahali pamoja tu, mwanzoni mwa kazi, ndipo huamuliwa ni klasi halisi ipi itakayoshika zamu.

Wataalamu wameupa mpango huu majina mbalimbali. Maandishi ya kampuni ya Sun ya mwaka 2001 kuhusu lugha ya Java yaliuita kitu cha kufikia data, na ufupisho wake DAO umeenea duniani kote. Martin Fowler, mwandishi Mwingereza, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2002 alieleza mpango wa karibu na huo, ambao kwa Kiswahili waweza kuitwa mlinganishi wa data. Tofauti za majina haya si kubwa kwa mwanafunzi anayeanza. Shabaha ni moja: kitu cha programu kisijue kinakohifadhiwa, na hifadhi isijue kitu kinatumika kwa kazi gani.

Liko sharti moja ambalo halina budi kutiliwa mkazo. Klasi yoyote inayoshika nafasi ya nyingine lazima itimize ahadi zilezile, kwa maana ileile. Kanuni hii huhusishwa na Barbara Liskov, mtaalamu wa Marekani, aliyeieleza katika hotuba yake ya mwaka 1987. Ikiwa ahadi yasema kwamba namba isiyokuwapo italeta jibu la hakuna, basi klasi ya SQL na klasi ya faili zote zijibu hivyo. Moja ikijibu hakuna, na nyingine ikaisimamisha programu nzima, mpango wote umeharibika. Karani mpya akishika zamu, taratibu za masjala hazibadiliki.

Mfano wa Eldoret

Yuko atakayeuliza kama mambo haya yana maana yoyote nje ya vitabu. Jibu laweza kupatikana Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi cha Kenya, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, kilianzisha mfumo mdogo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa katika kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na mji wa Eldoret. Mfumo huo ulijengwa juu ya programu ya Microsoft Access. Huduma kwa watu wenye virusi vya UKIMWI zilipopanuka chini ya mradi wa AMPATH, na wagonjwa wakazidi kuongezeka, ilionekana kwamba panahitajika msingi mpana zaidi. Mwaka 2004 madaktari wawili wataalamu wa kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret, na kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mfumo wa OpenMRS. Ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huohuo ukaanza kutumika Rwanda, katika hospitali ya Rwinkwavu. Maandishi ya programu yake yako wazi. Mtu yeyote aweza kuyasoma.

Anayeyasoma atakuta jambo la kuvutia. Katika mfumo huu hakuna safu ya uzito, wala safu ya joto la mwili, wala safu kwa kila swali ambalo daktari huuliza. Kuna kamusi ya dhana, ambamo kila jambo linaloweza kupimwa au kuulizwa limepewa namba. Katika kamusi inayotumika sana, uzito wa mwili kwa kilo una namba 5089. Mgonjwa anapopimwa, huandikwa mstari mmoja katika jedwali la vipimo: mgonjwa fulani, tarehe fulani, dhana 5089, thamani 61. Faida yake ni kwamba kliniki yaweza kuongeza swali jipya bila kuyabadili majedwali. Hasara yake ni kwamba mistari hiyo, ikisomwa kama ilivyo, ni msitu wa namba usiomwambia mtu kitu.

Kwa sababu hiyo wajenzi wa mfumo hawakumwachia kila mwandishi wa fomu au wa ripoti aingie msituni peke yake. Sehemu inayoshughulikia wagonjwa huzungumza na ufikiaji dhahania uitwao PatientDAO, unaotaja ahadi tu. Utekelezaji umo katika klasi nyingine, HibernatePatientDAO, ambayo hutumia Hibernate, zana iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001 kwa ajili ya kulinganisha vitu vya Java na majedwali. Mtu anayeandika sehemu mpya ya mfumo huomba mgonjwa, akapewa mgonjwa. Majedwali ni kazi ya karani.

Uzito wa jambo hili waonekana mtu akimfikiria mgonjwa mwenyewe. Aliyeanza kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI atazitumia maisha yake yote. Kumbukumbu za dawa alizopewa, na za zile zilizomdhuru, zitadumu kuliko kompyuta iliyozipokea, na kuliko toleo la programu lililoziandika, na pengine kuliko ajira ya daktari aliyezitamka. Programu huzeeka upesi. Data za watu hazina budi kuwafuata watu. Ikiwa umbo la hifadhi limefungamana na kila kona ya programu, basi kuibadili programu ni kuhatarisha kumbukumbu, na kuiacha ilivyo ni kuwanyima wagonjwa huduma bora. Utengano ulioelezwa hapa ndio unaowezesha kimoja kibadilike na kingine kisalimike.

Hoja za wapinzani

Haitakuwa haki kuusifu mpango huu bila kuzitaja lawama zake, nazo zina nguvu.

Lawama ya kwanza ni kwamba hifadhidata hazibadilishwi mara kwa mara. Shule iliyoanza na hifadhidata moja huenda ikaitumia kwa miaka ishirini. Kwa nini basi kugharimia mlango usiofunguliwa? Ni kweli kwamba kuhama kutoka hifadhidata moja hadi nyingine ni jambo la nadra. Lakini kubadilika kwa majedwali yenyewe, kwa kuongezwa safu na kugawanywa majina, ni jambo la kila muhula. Zaidi ya hayo, mlango mmoja hulindwa kwa urahisi kuliko milango thelathini. Wako watu wenye nia mbaya ambao, wakiombwa kuandika jina, huandika amri ya SQL ndani ya kisanduku cha jina, wakitumaini kwamba programu itaitii. Kinga yake yajulikana: maneno ya mtumiaji yasichanganywe na amri yenyewe, bali yatumwe mbali nayo. Kinga hiyo ikiwekwa kwa karani, imewekwa kwa wote.

Lawama ya pili ni ya mwendo. Na ichukuliwe klasi dhahania inayoahidi kuleta orodha ya wanafunzi 45 wa kidato kimoja, na ahadi nyingine ya kuleta alama za mwanafunzi mmoja. Mwandishi asiye mwangalifu ataomba orodha mara moja, kisha ataomba alama mara 45. Jumla ni safari 46 za kwenda kwenye hifadhidata, ilhali amri moja ya SQL inayounganisha majedwali mawili ingetosha. Kosa hili latokea kila siku, hata kwa watu wazoefu. Nalo latokana na ahadi zilizopangwa vibaya: yafaa karani awe na ahadi ya kuleta wanafunzi wa kidato pamoja na alama zao kwa safari moja.

Lawama ya tatu ni nzito kuliko zote. Wapo wasemao kwamba mwanafunzi akizoea kumwomba karani kila kitu, hatajifunza kamwe masjala ilivyo. Mwaka 2006 Ted Neward, mwandishi wa Marekani, alifananisha ulinganishaji wa vitu na majedwali na vita vya Vietnam: jambo linaloanza kwa mafanikio mepesi, kisha linazidi kudai juhudi, mpaka mtu hajui namna ya kujitoa. Onyo hili ni la haki, hasa kwa zana kubwa zinazodai kuifanya kazi yote zenyewe. Lakini jibu lake halipatikani kwa kumfukuza karani. Jibu ni kuhakikisha kwamba kila mwanafunzi amewahi kuwa karani. Aandike mwenyewe, kwa mkono wake, klasi halisi moja inayotuma amri za SQL na kujenga vitu, kabla hajapewa zana itakayomfanyia hayo. Asiyeijua masjala hawezi kutunga ahadi njema.

Kwa upande mwingine, programu ya mistari hamsini ya kuhesabu michango ya chama cha wanafunzi haihitaji klasi dhahania. Busara ya fundi ni pamoja na kujua ni wakati gani kazi haistahili jukwaa.

Wajibu wa shule

Ni rahisi kwa somo la kompyuta kugeuka kuwa somo la vitufe: bonyeza hapa, andika pale, hifadhi. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo huachwa nyuma pindi bidhaa inapobadilika, na bidhaa hubadilika kila miaka michache. Fikra za Codd, Parnas na Liskov zimekuwapo kwa miongo kadhaa, na bado zinatumika. Yafaa basi walimu wazipe nafasi zaidi fikra kuliko vitufe.

Wala hapana udhuru wa ukosefu wa mashine. Somo hili laweza kuanzia darasani bila kompyuta hata moja. Mwalimu na amteue mwanafunzi mmoja awe karani, ampe kadi za jina, kadi za masomo na kadi za alama, kila aina katika kisanduku chake. Ubaoni ziandikwe ahadi nne za karani. Wanafunzi wengine wawe programu: mmoja achape ripoti, mwingine atafute wastani, nao wasiruhusiwe kugusa visanduku. Baada ya robo saa mwalimu na abadili mpangilio wote wa kadi, amweleze karani peke yake, kisha kazi iendelee. Darasa litaona kwa macho kwamba hakuna kilichosimama. Halafu mwalimu na aurudie mchezo huo bila karani, kila mmoja akijichukulia kadi mwenyewe, na abadili mpangilio tena. Vurugu itakayofuata itafundisha zaidi ya maelezo ya saa nzima.

Kwa shule zenye kompyuta, mtihani mzuri ni huu. Mwanafunzi aandike programu ya maktaba ya shule inayohifadhi vitabu na waazimaji katika faili la maandishi. Mwezi mmoja baadaye aambiwe kwamba hifadhi sasa ni hifadhidata ya SQL. Asisahihishwe kwa uzuri wa sura ya programu yake. Mwalimu ahesabu ni mistari mingapi ya programu aliyolazimika kuigusa nje ya klasi za ufikiaji. Mwanafunzi aliyeelewa atapaswa kubadili mstari mmoja tu, ule unaomtaja karani aliye zamu.

Wanafunzi wa leo ndio watakaokabidhiwa kumbukumbu za hospitali, za ardhi, za mitihani na za malipo ya uzeeni. Kila mstari katika majedwali hayo utakuwa ni mtu fulani anayengoja dawa, cheti au haki yake. Programu zao zitafutwa na kuandikwa upya mara nyingi, na hilo si jambo la kuhuzunisha. La kuhuzunisha ni programu mpya kuja na kumbukumbu za mtu zisije nayo. Ndiyo maana yawapasa walimu kumfundisha kijana, angali shuleni, kwamba ufunguo wa masjala una mwenyewe, na kwamba aombaye kwa utaratibu hatapotewa na jalada siku rafu zitakapohamishwa.